Tukiagiza Futari, Tuagize kwa Mizani

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kaloleni, Nairobi)



Shukrani zote ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Wazazi wangu, ndugu na dada zangu katika imani. Nimeombwa nizungumzie futari, na najua wengi mnatarajia fadhila zake. Leo nitasema juu ya kuagiza chakula, kwa sababu vijana wengi Magharibi hutukuta njiani, ndani ya matatu za Jogoo Road tukitoka kazini au chuoni, na futari yetu tunaipata kibandani.

Niwaambie yaliyonifika. Ramadhani moja nilikuwa nikifuturu kwa chipsi na soda ya nusu lita, kila siku. Tarawehe ikawa mzigo. Rakaa ya nne kichwa kizito, nasinzia. Nikajiambia ni uchovu wa masomo. Mwezi huohuo baba yangu akapimwa, akaambiwa ana kisukari. Daktari akamuuliza, "Mzee, jioni unakunywa nini?" Baba akanyamaza. Mimi nikaona haya, maana soda ile ni mimi niliyekuwa nikimletea, nikidhani namtendea wema.

Basi nikaanza kusoma. Soda ya kola ya nusu lita ina sukari kama vijiko 13 vya chai. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunayopata katika chakula, na ni bora zaidi ikishuka hadi nusu ya hapo, yaani kama vijiko 6 kwa siku kwa mtu mzima. Chupa moja tu, wenzangu, imemaliza za siku mbili!

Sasa tuagize vipi? Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 2011 walichora sahani: nusu mboga na matunda, robo nafaka isiyokobolewa, robo maharagwe, samaki au kuku. Msiseme hayo ni ya matajiri. Huko Marekani kuna mikahawa kama Chipotle, iliyoanza Denver mwaka 1993, ambako mteja husimama mbele ya vyakula akionyesha: wali, maharagwe, nyama, nyanya, avokado, vyote bakuli moja. Je, si ndivyo zilivyo sufuria za mama wa kibanda? Mchele upo, madondo na ndengu zipo, sukuma na kabeji zipo. Ila sisi tukifika tunasema "chapo tatu madondo," basi. Mboga hatuitaji.

Jaribu hivi. Fungua kwa tende na maji, uswali Magharibi, kisha sema: "Mama, niwekee mchele kidogo, madondo, sukuma ijae, na kachumbari." Mimi nimesema hivyo mara nyingi na hakuna aliyenikasirikia. Kachumbari si pambo: nyanya na ndimu zina vitamini C, nayo husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo kwenye maharagwe. Chai nzito ukiinywa pamoja na chakula huyapunguza, kwa hivyo isubiri kidogo.

Na haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.), katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, alitufunza kuligawa tumbo: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji, theluthi ya pumzi. Madrasa tuliihifadhi sote. Kibandani tunaisahau.

Wenye kisukari waonane na daktari kabla ya kufunga, wala wasijibadilishie dawa wenyewe. Sheria imewapa wagonjwa ruhusa.

Juzi nilikwenda kibandani na baba. Nikafungua kinywa nimwagizie, akanitangulia: "Mchele kidogo, sukuma ijae." Kisha akanigeukia, "Na wewe je?" Nikaagiza kama yeye. Usiku ule tulisimama safu moja mpaka witri.