*TUWAJIBU WATOTO WETU KUHUSU MAANDAMANO*

_Maneno ya mama yetu, mjumbe wa kamati ya tawi, katika kikao cha Jumapili. Yanatumwa kwa wanachama wote wa Karagwe na jirani zetu wa Kyerwa ambao hawakufika._



Leo nina jambo moja tu, nalo ni watoto.

Tarehe 29 Oktoba 2025 na siku zilizofuata, watoto walituona tumeshika simu na intaneti hakuna. Walitusikia tukiulizana habari za ndugu walioko Mwanza na Dar es Salaam. Intaneti iliporudi, wakaona video tulizotumiana sisi wenyewe.

Mjukuu wangu wa miaka sita aliniuliza tukiwa tunamenya ndizi: "Bibi, wale watu walikosa nini?" Nikamwambia anyamaze, hayo ni mambo ya wakubwa. Usiku ule alikojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani. Nilikosea. Mtoto usipomjibu hujijibu mwenyewe, na jibu lake hutisha zaidi.

*1. Tuanze na anachokijua.* Kila tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Mwambie inawakumbuka wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana mwaka 1976 kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Mkumbushe na wafanyakazi wa Mei Mosi na mabango yao. Maandamano ni watu wengi kutembea pamoja ili wenye mamlaka wasikie.

*2. Ukweli, kwa kipimo chake.* Mdogo anatosheka na haya: "Watu walikasirika kuhusu uchaguzi. Wengine waliumia, wengine walikufa. Mimi niko hapa na wewe." Si siri hiyo, Rais mwenyewe alitoa pole Bungeni tarehe 14 Novemba 2025. Wa miaka kumi mwongezee kwamba Katiba yetu, Ibara ya 20, inampa kila mtu uhuru wa kukutana na wenzake kwa amani na kutoa mawazo hadharani. Kuchoma mali ya mtu si amani. Kumpiga risasi asiye na silaha si haki. Usichokijua, sema hujui. Na usimwahidi kwamba halitatokea tena.

*3. Tusiwapandikize chuki.* Awe Kayanga au Nkwenda, mtoto wako anakaa dawati moja na mtoto wa askari, na mtoto wa chama kingine. Hao hawana kosa lolote.

*4. Simu zetu.* Kamati imekubali: kuanzia leo, video za majeruhi na maiti hazitumwi kwenye kundi hili. Ulizonazo, usizitazame mbele ya mtoto.

Nilirudi kwa mjukuu wangu. Safari hii nilimuuliza kwanza anaogopa nini. Kumbe alikuwa na swali moja tu: mama yake, anayefanya kazi Dar, yu hai? Siku zote zile tulikuwa tunajua yu mzima, wala hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto. Tukapiga simu palepale, wakaongea mpaka salio likaisha.

Ndugu zangu, leo mkifika nyumbani, waulizeni watoto.