Dunia Njema Huanzia Uani

Ninyi mlio katika vikundi, sogeeni karibu na redio, na mwandishi wa kikundi awe na daftari lake tayari.

Leo twauliza swali kubwa: tukitaka dunia iwe njema kuliko ilivyo, tuanzie wapi? Wengi hulijibu kwa maneno ya mbali. Sisi tutalijibu kutoka hapa hapa Ugogo, kwa mifano mitatu.

Mfano wa kwanza ni wa Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilipungukiwa mafuta ya kula. Basi mwaka 1947 serikali yake ilianza mpango wa kulima karanga Tanganyika, mamilioni ya eka. Yaliletwa matrekta mengi na wataalamu wengi. Nia ya kulisha watu haikuwa mbaya. Lakini udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama tofali, na mvua ya huku haina ahadi. Wenyeji waliyajua hayo tangu zamani, wala mpango haukujengwa juu ya ujuzi wao. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na pauni milioni 36 hivi zilikuwa zimekwisha kutumika. Hapo twajifunza kwamba nia njema na fedha nyingi havitoshi, kama mwenye nchi hakushirikishwa.

Mfano wa pili ni wa mwaka 1973. Mwaka huo Tanzania iliendesha masomo ya redio yaliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kama mlivyokaa ninyi sasa. Walisikiliza, wakasoma kitabu, wakajadiliana juu ya malaria, kuhara damu, safura, kichocho na kifua kikuu. Kisha kila kikundi kiliamua la kufanya. Wengine walifyeka majani kuzunguka nyumba, wengine walifukia madimbwi, na vyoo vingi sana vilichimbwa. Hakuna trekta lililotumwa kuwafanyia kazi hiyo. Walitumia majembe yao wenyewe.

Pengine mtu atauliza, "Choo changu chaisaidiaje dunia?" Sikilizeni mfano wa tatu.

Upo ugonjwa wa macho uitwao trakoma, ambao wengi huuita vikope. Huletwa na vijidudu vinavyopita kutoka jicho la mtu hadi jicho la mwingine kwa vidole, kwa kitambaa, na kwa nzi. Nzi hawa hupenda kuzaliana katika kinyesi kilichoachwa nje. Mtoto akiambukizwa mara nyingi, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Miaka mingi baadaye kope hupinda kwa ndani, zikakwaruza jicho kila apepesapo, hata kuona kukapotea. Akina mama huumia zaidi, kwa kuwa hao ndio walezi wa watoto.

Katika miaka ya 1990, katika wilaya ile ile ya Kongwa, watafiti walikaa na wanavijiji wakakubaliana nao juu ya kunawisha watoto uso. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: watoto waliodumu kuwa na uso safi walipungukiwa na trakoma kali. Leo dunia nzima hufuata njia nne pamoja: upasuaji wa kope zilizopinda, dawa, uso safi, na mazingira safi yenye maji na vyoo. Kwa njia hizo Ghana ilithibitishwa mwaka 2018 kuwa imeushinda ugonjwa huu, na Malawi mwaka 2022.

Najua mama mmoja atasema, "Maji nayafuata mbali. Nioshee uso au nipikie?" Swali hilo ni la haki. Dodoma hupata mvua ya milimita 570 hivi kwa mwaka. Kwa uso wa mtoto kikombe kimoja cha maji chatosha. Lakini kisima hakichimbwi kwa kikombe. Hilo ni jambo la kupelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji, liandikwe, lifuatiliwe hadi halmashauri. Kufanya lililo letu hakutuzuii kudai lililo la wengine.

Sasa tufike Buigiri, wilayani Chamwino. Hapo mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya watoto wasioona, ya kwanza nchini. Watoto husoma kwa vidole, kwa nukta nundu, maandishi yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa, ambaye naye alipofuka akiwa mtoto. Buigiri hutukumbusha kwamba kuzuia upofu ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni kwamba asiyeona asifichwe nyumbani, bali asome, afanye kazi, na kauli yake isikike mkutanoni. Dunia inayozuia ugonjwa, kisha ikamsahau mgonjwa, haijawa njema bado.

Basi shikeni mambo matatu. Kwanza, waulizeni wenyeji kabla ya kuanza. Pili, anzeni na kazi ambayo mikono yenu yaiweza. Tatu, asiachwe mtu nyuma.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

1. Ni nyumba ngapi kijijini kwetu hazina choo? Tutazisaidiaje kabla ya mvua?
2. Ni nani kwetu ana kope zinazomchoma? Nani atamsindikiza zahanati?
3. Je, yuko mtoto asiyeona ambaye hajapelekwa shule? Nani atazungumza na wazazi wake, na lini?

Andikeni majibu pamoja na jina la mtu atakayefanya kila kazi. Wiki ijayo mtaanza kwa kuyasoma. Kwaherini.