Nilicheka Siku ya Msiba wa Baba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutibu watoto. Naomba nianze na kisa cha kijana mmoja wa kidato cha pili, mwaka 1976. Kijana huyo ni mimi.

Mwalimu wa zamu aliniita, akaniambia kwa upole kwamba baba amefariki. Nikacheka. Kisha nikamwuliza kama nitawahi kurudi kwa ajili ya mechi ya Jumamosi. Habari ilienea bwenini kabla sijafunga sanduku, nami nikapewa jina la Jiwe. Kule matangani nilikimbizana na watoto uani, shangazi zangu wakitikisa vichwa.

Nilirudi shuleni nikiwa mchangamfu kuliko wote. Muhula uliofuata nikaanza kubanwa na kifua usiku, kama baba alivyokuwa akibanwa. Zahanati hawakuona ugonjwa. Kiranja akaniandika mtegeaji, nikafyeka nyasi wiki nzima (viranja wa siku zile mnawakumbuka). Mwezi wa tisa nikapoteza ufunguo wa sanduku. Kufuli lile alininunulia baba. Hapo ndipo nilipolia, hata kengele ya chakula sikuisikia.

Miaka mingi nilijiona sina utu. Kazini ndipo nilipopata kuelewa. Mwaka 1948 Maria Nagy alichapisha uchunguzi wake juu ya watoto wa Budapest: wengi walio chini ya miaka mitano humwona marehemu kama aliyesafiri au aliyelala, na kufahamu kwamba kifo hakina marejeo huja karibu na miaka tisa. Lakini mimi nilikuwa na miaka 15, nilifahamu vizuri. Aliyenieleza mimi ni daktari Mwingereza, John Bowlby, katika kitabu chake Loss cha mwaka 1980. Humo wamo watoto waliochangamka kupita kiasi baada ya kufiwa, na wengine walioshikwa na dalili za maradhi ya mzazi wao. Nilipokisoma nilikifunga, nikatoka nje kidogo.

Mtoto hawezi kuubeba msiba wote kwa mara moja. Huuchukua kidogo, akaenda kucheza, akaurudia baadaye, pengine wakati wakubwa wamekwisha sahau.

Kwa hiyo, Mwalimu Mkuu, mwanafunzi akirudi kutoka msibani, wiki ya kwanza kila mtu humtazama. Naomba atazamwe na muhula unaofuata pia. Nanyi vijana, msimpe jina.

Siku ile ya kufuli, mwenzangu mmoja alichukua kurunzi akaenda uwanjani kuutafuta ufunguo. Hakuupata. Akarudi, akakaa kitandani kwangu bila kuuliza neno, mpaka taa zikazimwa. Yumo humu ukumbini, naye anajua namsema yeye.