Kufika Nyumbani Si Mwisho wa Safari

(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imetupa ruhusa tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu halisemwi mbele ya wakwe na wazazi. Twaomba radhi mapema, maana sisi ni watoto wenu kwa umri. Walakini kidonda hakiachi kuuma kwa sababu kimefunikwa. Twataka kunena habari za binti zetu, na pengine vijana wetu wa kiume, wanaochukuliwa kwa hila na kuuzwa kwa zinaa ili wengine wapate fedha. Hila zenyewe mmekwisha kuzisikia: kazi ya nyumbani huko Arabuni, kazi ya hoteli katika miji ya Pwani, masomo yasiyokuwapo. Hatutazirudia. Shabaha yetu leo ni ile siku wanaporudi, na miaka inayoifuata siku hiyo.

Katika daftari la kumbukumbu za chama hiki liko shauri moja la miaka sita iliyopita. Mwenyewe ametupa ruhusa ya kulieleza, kwa sharti kwamba jina lake lisitajwe, wala kijiji chake. Nasi twawasihi wanaokumbuka walinde sharti hilo. Binti huyo aliahidiwa kazi ya kupika katika nchi moja ya Ghuba. Alipofika alinyang'anywa pasipoti, akafungiwa nyumbani pamoja na wenziwe, akafanywa kahaba kwa nguvu. Habari zilipotufikia, chama kilichanga, nauli ikapatikana, wazee wakaenda kumlaki uwanja wa ndege. Mbuzi alichinjwa, sala ikasomwa. Siku ya tatu tuliandika daftarini, kwa mkono wetu wenyewe, maneno haya: "Shauri limekwisha."

Wazee wetu, halikuwa limekwisha. Kabla ya miezi minane binti yule alitoweka. Baadaye tulisikia yuko katika mji mmoja wa Pwani, mikononi mwa mtu mwingine wa namna ile ile. Ilipita miaka miwili na zaidi ndipo aliporudi, safari hii kwa nauli yake mwenyewe. Tulipomwuliza kwa nini alituacha, alitujibu hivi: "Mlinipokea kama mnavyopokea maiti. Mlichanga, mkalia, mkala, mkatawanyika."

Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa chama chetu chajulikana hasa kwa mambo ya maiti. Mwanachama akifariki Nairobi au Mombasa, jeneza, gari, na chakula cha matanga hupatikana kabla ya juma kwisha. Kazi hiyo ni njema na iendelee. Bali matanga yana siku ya kuanuliwa. Uponyaji wa mtu aliyeuzwa hauna siku kama hiyo.

Tulipomsikiliza kwa utulivu tulijua mambo ambayo hatukuyauliza siku ya mbuzi. Baba yake alikuwa amekopa fedha ili amlipe wakala, na mwenye deni alibisha mlango kila mwisho wa mwezi. Usiku binti hakulala, na mlango ukifungwa kwa kishindo alitetemeka. Alikuwa na virusi vya UKIMWI, akaogopa kuchukua dawa katika zahanati ya kwao, kwa kuwa mhudumu ni jirani. Kisimani wanawake walinyamaza alipofika. Yule aliyemchukua mara ya pili hakuja na fimbo. Alimpa pa kulala, akamwita kwa jina lake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kosa hili hatukuanza sisi. Katika miaka ya 1940 na 1950 baadhi ya vyama vya Waafrika mjini Nairobi viliwakamata wanawake wa kwao waliodhaniwa kuwa makahaba, vikawarudisha wilayani kwa lazima. Waliofanya hivyo waliamini kwamba wanalinda heshima ya kabila. Hawakuuliza ni nani aliyewaleta wanawake wale mjini, wala watakula nini huko waendako. Heshima ya kabila ilihesabiwa. Heshima ya mwanamke mwenyewe haikuhesabiwa.

Upo mfano mwingine, wa zamani zaidi. Sisi tuliosoma shule za misheni tulifundishwa habari za Freretown, karibu na Mombasa, ambapo Church Missionary Society walianzisha mwaka 1875 kijiji cha watumwa waliookolewa katika majahazi na manowari za Kiingereza. Kengele yake ingalipo, na mtaa ule huitwa Kengeleni. Hatusemi kwamba yote ya kijiji kile yalikuwa mema. Zilikuwako adhabu kali, na waliookolewa hawakuulizwa sana wapendacho. Walakini walitambua jambo moja ambalo sisi tumelisahau: mtu aliyekatwa minyororo hajawa huru mpaka apate nyumba, shamba, ufundi, na jirani wa kumwamkia.

Serikali nayo imelitambua. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2010 iliweka kwa mwuzaji wa watu kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Iliagiza pia kwamba aliyeuzwa apatiwe hifadhi, matibabu, ushauri wa kutuliza moyo, msaada wa kisheria, na njia ya kurudi katika maisha ya watu. Tena ikaanzisha mfuko wa taifa wa kuwasaidia. Na kwa wale wasemao, "Alikwenda kwa hiari yake," sheria ilikwisha kujibu: mtu akidanganywa au akishurutishwa, kukubali kwake hakuhesabiwi kitu. Sheria ni ukuta mzuri. Lakini sheria haiwezi kuketi na mtu saa nane ya usiku. Hiyo ni kazi ya watu wa kwao.

Basi yatupasa kujua mambo yafuatayo.

Kwanza, usiri. Arudipo mtu, asisimamishwe mbele ya mkutano kutoa ushuhuda. Kila akisimulia kwa kulazimishwa, huishi tena yale aliyotendwa. Mwenye haki ya kusimulia ni yeye, kwa wakati wake.

Pili, afya ya mwili. Dawa ya kumkinga mtu na virusi vya UKIMWI baada ya kunajisiwa hufaa ikianzwa kabla ya saa 72 kupita, na walio wengi hutufikia baada ya miezi. Kwa hiyo hapana budi wapimwe, na aliyekwisha kuambukizwa atumie dawa kila siku maisha yake yote. Akitaka kuzichukua zahanati ya mbali, apewe nauli, asiulizwe sababu.

Tatu, afya ya moyo. Jinamizi, hasira za ghafula, kunyamaza siku nzima, hata kumtamani yule aliyemtesa, si wazimu wala si uchawi wala si utovu wa shukrani. Ni majeraha. Yanahitaji mshauri aliyefundishwa, na mara nyingi kwa miaka, si kwa majuma. Sala na ziisaidie kazi hiyo, zisichukue mahali pake.

Nne, deni na hati. Mwenye deni aitwe mbele ya wazee, apangiwe malipo na jamaa, asimwendee binti. Kitambulisho kilichopotea kitafutwe upya. Na kama amerudi na mtoto, mtoto aandikishwe kuzaliwa na aitwe mtoto wetu. Asiyeweza kumwita hivyo, na anyamaze.

Tano, kazi. Tumezoea kumpa kila mwanamke cherehani, apende asipende. Yeye ndiye aulizwe. Alikwisha kuamuliwa kila jambo na wengine. Msaada unaomwamulia kila jambo hufanana mno na kifungo alichotoka.

Sita, mahakama. Akikubali kutoa ushahidi, kesi yaweza kuahirishwa mara nyingi. Asiende peke yake hata siku moja.

Saba, akirudi tena alikotoka, tusifunge mlango. Anayejifunza kutembea baada ya kuvunjika mguu huanguka, wala hafukuzwi hospitali kwa sababu ameanguka.

Kwa hiyo Halmashauri yaleta mbele yenu shauri moja. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, mbali na mchango wa mazishi, ziwekwe katika hesabu ya peke yake. Akina mama watatu, watakaochaguliwa na akina mama wenyewe, wasimamie msaada wa kila aliyerudi kwa muda usiopungua miaka mitatu. Mweka hazina atatoa hesabu ya fedha kila mwaka, lakini majina hayatasomwa. Twajua wako watakaouliza kwa nini tutoe fedha zisizoonekana zilikokwenda. Twawajibu kwa heshima: jeneza huonekana na wote, mtu aliyelala usiku kucha bila jinamizi haonekani na yeyote.

Binti yule sasa yuko katika mwaka wa tatu tangu kurudi mara ya pili. Ana kibanda cha kuuza nafaka alichokichagua mwenyewe, na dawa zake hazikosi. Hatuwezi kuwaambia kwamba amepona. Ziko siku hakifungui kibanda, na siku hizo mama mmoja wa chama hiki huenda kuketi naye, akachambua maharagwe, asiulize neno.

Tumerudi katika daftari lile. Hatukufuta tulichoandika, maana kumbukumbu hazifutwi, bali chini yake tumeongeza mstari mmoja: "Shauri linaendelea." Twaomba mkutano huu uutie sahihi.