Nyara Ina Hati, Nyama Haina: Mnyama wa Kitaluni Baada ya Risasi

Mada kwa warsha ya viongozi wa Jumuiya za Hifadhi za Wanyamapori na askari wanyamapori wa vijiji

1.0 Utangulizi



Katika vikao vyetu uwindaji wa kitalii hujadiliwa zaidi kwa upande wa fedha: ada ya kitalu cha uwindaji, ada ya mnyama, na mgawanyo kati ya Serikali, Halmashauri na Jumuiya. Hoja hizo ni za haki na zina wasemaji wake. Mimi nitazungumzia jambo ambalo mwanakijiji huliuliza kabla ya hayo yote. Akisikia bunduki imelia upande wa kitaluni, hutaka kujua yule mnyama ameishia wapi.

Mnyama aliyepigwa risasi hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni nyara, yaani pembe, ngozi, fuvu au meno, na hilo humfuata mteja hadi kwao. Fungu la pili ni nyama, nayo hubaki nchini. Hoja yangu ni kwamba fungu la kwanza tunalifuatilia hatua kwa hatua mpaka linavuka mpaka wa nchi, ilhali la pili, ambalo ndilo kubwa kwa uzito na ndilo linalomgusa mwanakijiji, mara nyingi halipimwi wala haliandikwi. Kasoro hiyo iko ndani ya uwezo wetu kuirekebisha.

2.0 Mgao ulikuwapo kabla ya leseni

Wazee waliomo humu ukumbini wanajua kwamba uwindaji wa jadi ulikuwa na sheria ya mgao. Wahadzabe wa bonde la Eyasi wanayo hadi leo. Mnyama mkubwa akiangushwa, nyama huletwa kambini na kugawiwa watu wote, hata wale ambao hawakushika upinde siku hiyo. Zipo sehemu maalumu za mnyama, wenyewe wakiziita epeme, ambazo huliwa na wanaume waliokwisha kukubaliwa katika daraja hilo, tena kwa faragha. Mwindaji hana ruhusa ya kujifichia paja la mnyama.

Katika tawala nyingi za bara, tembo akianguka, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mtemi, na lile la juu likawa la mwindaji. Ngozi ya simba na chui nayo ilipelekwa kwa mtawala. Tunaweza kubishana kama mgao huo ulikuwa wa haki. Lililo wazi ni kwamba kila sehemu ilikuwa na mwenyewe hata kabla ya mshale kuondoka kwenye upinde, na aliyedhulumiwa alijua pa kwenda kushitaki.

Utawala wa kikoloni ulibadili mambo. Mnyama akawa mali ya dola, mwenye leseni akawa mwindaji, na mwenye upinde akaitwa jangili. Baada ya uhuru nchi zetu zilishika njia tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977 na mwaka uliofuata ikafunga biashara ya nyara. Tanzania imeendelea na uwindaji wa vibali, ambao leo unasimamiwa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009.

3.0 Njia ya nyara

Tuanze na fungu lenye hati. Mteja huwinda akiwa na mwindaji bingwa na akisindikizwa na askari wa wanyamapori. Mnyama akianguka, huandikwa kwenye kibali. Akijeruhiwa akapotea, huhesabiwa kuwa ameuawa, na mteja hulipa.

Kisha kazi huhamia kwa wachunaji, mafundi ambao sifa zao hazitajwi sana. Ngozi ya shingo na mabega huchunwa kwa namna ambayo fundi wa ng'ambo ataweza kuivisha kwenye umbo la mnyama: masikio hugeuzwa ndani nje, midomo hupasuliwa na kope husafishwa, kwa sababu hapo ndipo uozo huanzia na manyoya kunyonyoka. Ngozi hupakwa chumvi nyingi, huachwa ichuje maji, hupakwa tena, halafu hukaushwa kivulini. Jua kali huiharibu. Fuvu huchemshwa, ubongo hutolewa, na pembe huvuliwa kutoka kwenye mifupa yake ili wadudu wasizaliane ndani.

Kwa wanyama wenye ulinzi mkubwa ukaguzi huwa mkali zaidi. Simba anatakiwa awe na umri usiopungua miaka 6, na meno yake na fuvu hukaguliwa kuthibitisha hilo. Tembo anatakiwa awe na jino lenye uzito wa kilo 20 au urefu wa sentimita 160. Kucha za simba, ambazo ni 18, huhesabiwa, kwa kuwa kila moja ina soko la magendo. Baada ya hapo hufuata hati ya umiliki wa nyara, kibali cha kusafirisha na, kwa wanyama wanaohusika, kibali cha CITES, yaani mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Ofisa anayetaka kujua habari za pembe fulani atazipata kwenye karatasi.

4.0 Njia ya nyama

Sasa tulitazame fungu la nyama, tukianza na nyati. Dume aliyekomaa huwa na kilo 600 hadi 800. Akishachunwa na kutolewa matumbo, karibu nusu ya uzito huo hubaki. Pofu dume anaweza kufika uzito huohuo au kuupita. Hata swala pala, mwenye kilo 50 na kitu, huacha kilo 30 hivi. Kambi inayofanya kazi vizuri huzalisha nyama nyingi kwa msimu, nayo huenda sehemu nne.

Ya kwanza ni meza ya mteja. Sarara, ulimi, maini na mkia wa nyati huenda jikoni. Ni vipande vizuri, lakini kwa uzito ni vichache.

Ya pili ni wafanyakazi wa kambi: wasoma nyayo, wachunaji, madereva, wapishi. Hula nyama hiyo kila siku, na iliyozidi hukatwa vipande vyembamba, ikatiwa chumvi na kuanikwa.

Ya tatu ni chambo. Hili wanavijiji wengi hawalijui, na likisemwa huleta manung'uniko. Anayemtaka chui au simba hupiga kwanza swala pala, pundamilia au nyati, kisha hufunga paja au mbavu juu ya mti na kumsubiri mnyama avutwe na harufu. Mnyama wa chambo naye yumo kwenye kibali na amelipiwa. Hata hivyo nyama yake huozea mtini huku kijiji cha jirani kikikosa kitoweo.

Ya nne ni kijiji. Zipo kambi ambazo hupakia nyati mzima kwenye gari na kumfikisha kijijini siku hiyohiyo. Zipo nyingine ambazo, kwa umbali, ubovu wa njia au uzembe, humwachia tai na fisi sehemu kubwa. Kwa kuwa hakuna rejista, aliyetoa nyama kwa moyo na aliyeitupa hulingana machoni petu. Mwekezaji mwema hana pa kuonyesha wema wake, na kijiji hakina pa kuonyesha madai yake.

5.0 Nani anaweza kula, na kwa usalama gani

Nyama ikifika kijijini huja na maswali mawili.

La kwanza ni la dini. Vijiji vingi vya Rufiji, Liwale na Tunduru vina Waislamu wengi. Ndiyo maana msoma nyayo Mwislamu hukimbia na kisu mara mnyama anapoanguka, amuwahi kabla roho haijatoka. Suratul Maida imeruhusu mawindo kwa masharti yake, na wanazuoni wengi wa zama hizi wanakubali mnyama aliyekufa kwa risasi ikiwa mpigaji alitaja jina la Mwenyezi Mungu alipofyatua. Mteja wa kigeni hatamki bismillahi, kwa hiyo kisu kinabaki kuwa ndiyo njia ya uhakika. Wanyama wenye meno ya kurarulia, kama simba na chui, hawaliwi, na wengi humhesabu ngiri kuwa ni jamaa ya nguruwe. Ndugu zetu Wasabato nao hawatagusa pundamilia wala kiboko. Anayegawa nyama bila kuuliza haya huishia kutupa nyama.

La pili ni la afya. Kimeta huua wanyamapori, mifugo na watu. Mwaka 2016 ugonjwa huo ulizuka katika kata ya Selela, wilayani Monduli, ukaua nyumbu na mifugo na kuwafikia binadamu. Mnyama aliyekutwa amekufa asichunwe wala kupasuliwa, hata kama bado ana joto; itolewe taarifa. Aliyepigwa risasi atolewe matumbo mapema, atundikwe kivulini, na akaguliwe na mtaalamu wa mifugo pale anapopatikana. Jambo la mwisho ni risasi yenyewe. Risasi ya madini ya risasi huvunjika vipandevipande ndani ya nyama, na sumu yake ni mbaya zaidi kwa watoto na wajawazito. Kata na utupe nyama yote iliyozunguka njia ya risasi, hata ile inayoonekana nzuri.

6.0 Sheria na mkoba wa mwanakijiji

Ndugu washiriki, mahakama zetu zimewahi kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya wanyamapori bila kibali. Kosa halifutiki kwa nyama kuwa mbichi au kavu, wala kwa kuwa ni sufuria moja na si gunia. Mbele ya sheria, hata nyama ni nyara za Serikali.

Sasa mfikirieni mpishi wa kambi anayerudi kwao msimu ukiisha, ana nyama kavu aliyopewa kihalali na mwajiri wake. Au mama wa kijijini aliyepata fungu lake kwenye mgao, akaamua kumpelekea mwanawe aliyeko mjini. Wakisimamishwa kwenye kizuizi barabarani, wataonyesha nini? Nyama ileile iliyolipiwa ada halali inaweza kuwageuza washitakiwa kwa kukosa karatasi. Kanuni za uuzaji wa nyamapori za mwaka 2020 zimefungua mlango wa mabucha yenye leseni, na hiyo ni hatua njema. Lakini mwenye bucha anaandaliwa karatasi, na aliyepewa mgao wa bure anabaki mikono mitupu.

7.0 Kwa jirani, na kwetu wenyewe

Zambia imetutangulia. Mikataba yake ya vitalu imewataka wawekezaji wafikishe sehemu ya nyama ya mawindo kwa wananchi bila malipo, na kumbukumbu zimewekwa. Ndiyo maana watafiti White na Belant waliweza kukadiria, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwamba wawindaji wa kitalii katika maeneo ya usimamizi wa wanyamapori nchini humo hutoa karibu kilo 130,000 za nyama mbichi kwa mwaka, zenye thamani inayozidi dola 600,000 za Marekani. Anaposimama mtu huko kudai kwamba uwindaji hauwanufaishi wananchi, au kwamba unawanufaisha mno, pana takwimu ya kubishania. Kwetu hubishana hisia.

Wala si jambo geni hapa nyumbani. Mradi wa hifadhi ya Selous, ulioanza mwaka 1988 kwa ushirikiano wa Tanzania na Ujerumani, uliviwezesha vijiji vya pembezoni kupata mgao wao wa wanyama wa kitoweo. Askari wa kijiji waliwinda, nyama ikauzwa kwa wanakijiji kwa bei nafuu, na fedha zikaingia kwenye mfuko wa kijiji. Baadhi ya Jumuiya zenu zimekulia katika uzoefu huo.

Kuna sababu nyingine ya kuharakisha kuupanga mgao wa nyama. Soko la nyara liko mikononi mwa watu wa mbali. Mwaka 2014 Marekani ilisimamisha kuingiza nyara za tembo kutoka Tanzania, na mwaka 2015 Australia na Ufaransa zilizuia nyara za simba. Uamuzi wa namna hiyo hutufikia bila sisi kuulizwa. Mgao wa nyama unaamuliwa hapa, kati ya Jumuiya na mwekezaji wake.

8.0 Mapendekezo

(a) Kila mkataba kati ya Jumuiya na mwekezaji uwe na kifungu cha nyama: kiasi cha chini kitakachofika vijijini, nani atalipia mafuta ya gari, na ndani ya saa ngapi.

(b) Iwepo rejista ya nyama kambini, yenye tarehe, aina ya mnyama, namba ya kibali, kilo zilizopimwa kwa mizani, na saini ya aliyepokea. Mnyama wa chambo aandikwe humohumo.

(c) Vijiji vipokee kwa zamu, na orodha ya zamu ibandikwe kwenye ubao wa matangazo. Wagonjwa, wazee wasiojiweza na shule zenye chakula cha mchana zitajwe kwanza.

(d) Tuiombe Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania iweke stakabadhi rahisi ya mgao, itakayomlinda anayesafiri na nyama halali.

(e) Askari wa vijiji wafundishwe ukaguzi wa awali, dalili za kimeta na ukataji wa jeraha la risasi. Katika kila timu awepo anayejua kuchinja.

(f) Mabaki ya simba na chui yateketezwe mbele ya shahidi, ili mafuta, mifupa na kucha visizue biashara.

9.0 Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, kati ya mapendekezo haya, matatu ya kwanza hayahitaji Bunge wala Wizara. Mizani, daftari, ubao wa matangazo na kifungu kimoja kwenye mkataba ni mambo ambayo kamati zenu zina mamlaka nayo tayari. Naziomba Jumuiya ambazo mikataba yao inakaribia kuhuishwa zisisaini tena mkataba usiotaja nyama. Zilizobaki zianze na rejista msimu ujao, na zilete takwimu zake katika warsha itakayofuata, ziwe nzuri au mbaya.