Maua ya Nyumbani: Chagua Yasiyo na Taabu, Epuka Yenye Hatari

Vuta kiti uketi. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo pengine hukutarajia kulisikia kutoka kwa muuguzi, nalo ni maua tunayopamba nayo nyumba zetu.

Utauliza, "Sista, maua na zahanati yana uhusiano gani?" Ngoja nikueleze.

Siku moja mama mmoja aliingia zahanatini mbio, amembeba mtoto wa miezi kumi. Midomo ya mtoto ilikuwa imevimba, ulimi umetoka nje, udenda unamtiririka, na kilio kinatoka kwa shida. Mama alidhani ni ule uji mpya aliompa asubuhi. Jirani aliyemsindikiza alidhani ni jicho baya. Nilipokifungua kiganja cha mtoto, nilikuta kipande cha jani la kijani lenye madoa meupe. Mtoto alikuwa ametafuna ua la sebuleni.

Alipona, tunashukuru, lakini tulikaa naye hadi jioni tukichunga pumzi zake. Nami niliporudi nyumbani, nikalikuta ua la aina ile ile juu ya meza yangu. Nilikuwa nimelipokea kama zawadi, nikalimwagilia mwaka mzima bila kujua ni kitu gani. Mwanangu wakati huo alikuwa ndio kwanza anasimama dede, akijishika kwa meza hiyo hiyo. Sikulala kabla sijalitoa nje.

Ua hilo huitwa difenbakia. Lina majani makubwa, ya kijani yenye mabaka meupe au ya manjano. Ndani ya majani na shina mna chembechembe nyembamba kama sindano, ambazo humchoma mtoto mdomoni na kooni mara anapotafuna. Sindano kama hizo zimo pia katika lile ua la kutambaa lenye majani ya umbo la moyo, ambalo wengi wetu huliotesha katika chupa ya maji na kulizungusha dirishani. Kama una mtoto anayetambaa, maua haya mawili yatoe nyumbani, au yaning'inize juu kabisa mahali ambapo mtoto hafiki, na jani likianguka uliokote mara moja.

Nje ya mlango chunga pia oleanda, kichaka chenye majani membamba na maua meupe au ya waridi, ambacho hupandwa sana kando ya malango. Sumu yake hugusa moyo, na sehemu zake zote ni hatari. Mmea wowote unaotoa utomvu mweupe kama maziwa, usimwache mtoto auchezee. Utomvu wa mingi ya mimea hiyo huunguza ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kuleta madhara makubwa.

Je, mtoto akishatafuna jani, ufanye nini? Kwanza, mtoe mabaki mdomoni kwa kidole ulichofunga kitambaa safi. Pili, mpanguse na kumsuuza mdomo kwa maji, kisha mpe maji baridi au maziwa kidogo kidogo kama anameza vizuri. Tatu, usimtapishe. Usimtie kidole kooni, wala usimnyweshe maji ya chumvi au mafuta. Nne, chukua jani lenyewe uende nalo kituo cha afya, ili mhudumu alione. Ukiona anapumua kwa shida, hawezi kumeza, uvimbe unaongezeka, au amelegea, usingoje hata dakika moja. Na kama ni oleanda, nenda hospitalini hata kama bado anacheza. Utomvu ukiingia jichoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika kumi na tano au zaidi, halafu mpeleke.

Sasa mama, sisemi uishi bila maua. Nyumba yenye kijani huburudisha roho, na mtoto hujifunza kutunza kitu chenye uhai. Chagua tu yale yasiyokupa taabu.

La kwanza ni lile lenye majani membamba kama nyasi, ya kijani yenye mstari mweupe, linalotoa vichipukizi vinavyoning'inia kama buibui kwenye uzi. Halina sumu. Likate kichipukizi, kipande, umepata ua jingine bure.

La pili ni lile la majani marefu magumu yaliyosimama wima kama panga. Wenzake huota porini katika sehemu kavu za nchi yetu, na nyuzi zake zimesokotwa kamba tangu zamani. Linavumilia kivuli na ukame. Ukilinywesha mara moja kwa wiki mbili au tatu linatosheka. Lakini mtoto akilitafuna anaweza kutapika na kuhara, kwa hivyo liweke mbali naye.

La tatu ni mimea ya jikoni: mrihani, dania, vitunguu vya majani, na mchaichai. Hii hukua katika kopo kuukuu penye jua, na jani likiingia kinywani mwa mtoto ni chakula. Makopo yaliyokuwa na rangi au dawa za wadudu usiyatumie.

Utunzaji ni rahisi. Maua mengi ya ndani hufa kwa kunyweshwa kupita kiasi kuliko kufa kwa kiu. Usimwagilie kwa mazoea. Tia kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, acha, na ukihisi ukavu, mwagilia. Toboa kopo matundu chini maji yapate pa kutokea. Liweke karibu na dirisha lenye mwanga, na majani uyapanguse vumbi kwa kitambaa chenye maji.

Hapo kwenye matundu ndipo penye jambo la pili la afya. Maji yanayotoka hukaa katika kisahani kilicho chini ya kopo. Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda mahali kama hapo, naye huuma mchana, wakati mtoto amelala bila neti. Ndugu zetu wa Mombasa wanakumbuka mlipuko wa dengi wa mwaka 2013. Tena mwaka 2022 kule Marsabit aligunduliwa mbu mgeni wa malaria, Anopheles stephensi, ambaye huzaana katika vyombo vya maji vya mjini. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Kwa hivyo chagua siku moja kila wiki, tuseme Jumamosi, umwage maji ya visahani vyote na kuvisugua kwa brashi. Kumwaga peke yake hakutoshi, maana mayai ya mbu wa dengi hushika ukutani mwa chombo na kuvumilia ukavu kwa miezi. Na ua lililo katika chupa ya maji, libadilishie maji siku hiyo hiyo, au lihamishie udongoni.

Kuna wanaosema ua husafisha hewa ya nyumba. Mama, usitegemee hilo. Maua machache sebuleni hayawezi kuondoa moshi wa jiko la makaa, wala ile hewa ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Fungua dirisha, na jiko la makaa usilale nalo ndani hata kama ni baridi ya Julai.

Mwisho, udongo na samadi hubeba mayai ya minyoo na vijidudu vya pepopunda. Ukimaliza kushughulikia maua, nawa mikono kwa sabuni kabla hujamshika mtoto, hasa mchanga ambaye kitovu chake hakijapona. Nawe mjamzito, ukijikuta unatamani kuula huo udongo, usione haya. Njoo kliniki upimwe damu, huenda umepungukiwa.

Basi leo, kabla hujalala, nina ombi moja. Piga magoti sebuleni, uwe kimo cha mtoto wako, na utazame kila jani ambalo mkono wake unalifikia. Lile usilolijua, liondoe hadi ulijue. Mimi sikufanya hivyo mpaka mtoto wa mwenzangu alipoumia.