TUNAWASIKIA MARUBANI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo lenye elimu ndani yake, lakini lisilowalaza watu baada ya chakula. Nimechagua kusikiliza kwa redio mazungumzo ya marubani na waongoza ndege. Nina sababu mbili. Kwanza, ni somo la fizikia linaloweza kufundishwa hapa hapa Morogoro, na mlima wetu ndio kitabu chake. Pili, limo ndani yake fundisho la kusema na kusikia, ambalo kila kijana atalihitaji hata kama hatapanda ndege maisha yake yote.

Tuanze na chombo chenyewe. Redio ya FM ya nyumbani ina namba zinazoanzia 88 na kuishia 108. Wengi hudhani kwamba baada ya hapo hakuna kitu. Kumbe hapo ndipo dunia ya ndege inapoanza. Kuanzia megahezi 108 hadi 118 ni mitambo ya kuionyesha ndege njia. Kuanzia 118 hadi 137 ni sauti za watu. Redio ya kuzisikia huitwa skana, kwa sababu hupekua masafa moja baada ya jingine, na kusimama pale inapokuta mtu anazungumza.

Ingawa masafa haya yanapakana na FM, sauti za marubani hurushwa kwa AM, mtindo ule ule wa zamani tuliosikilizia Redio Tanzania kwenye masafa ya kati. Katika FM, watu wawili wakisema pamoja, mwenye nguvu humfunika mnyonge kabisa, na msikilizaji hata hajui kwamba kuna mtu amefunikwa. Katika AM sauti hugongana na kutoa mluzi. Mluzi huo haupendezi, lakini unatoa habari: kuna mwingine aliyekuwa akisema. Naomba mlikumbuke hilo, tutalirudia.

Sasa tuje kwenye mlima. Mawimbi haya husafiri karibu sawa na mwanga, yaani yamenyooka. Vijana wa kidato cha tatu wachukue kalamu. Tafuta kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, kisha zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo antena hiyo inaweza "kuona" juu ya uwanda ulio sawa. Ndege iliyo mita 11,000 angani inaona kilomita 430 hivi. Antena yako ya mita 4 juu ya paa inaona kilomita 8. Jumlisha: unaweza kumsikia rubani aliye umbali wa karibu kilomita 440. Lakini mnara wa mita 30 pale Dar es Salaam unaona kilomita 22 au 23 tu. Ukijumlisha na 8 zako, sauti yake inaishia maeneo ya Kibaha, na sisi tupo kilomita 170 kwa mstari ulionyooka.

Hiyo ni hesabu ya uwanda. Sisi tuna Uluguru. Mji wetu upo kwenye mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Bondwa inayotutazama ina zaidi ya 2,100, na Kimhandu kule nyuma ina zaidi ya 2,600. Upande wa kusini tumezibwa. Ndege kubwa iendayo Songwe tutaisikia, maana ipo juu kuliko mlima. Lakini ndege ndogo inayopeleka watalii Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ikiwa chini chini, itasikika kwa mwenzetu aliye Matombo au Kisaki, sisi wa mjini tusiisikie kabisa. Siyo kwamba redio ni mbovu. Mlima umekaa katikati.

Basi msikilizaji wa Morogoro ana hali ya pekee: anamsikia rubani, hamsikii anayemwongoza. Katika nchi pana kama yetu vipo vituo vya kurushia sauti mbele, na aliye karibu na kituo cha namna hiyo atasikia pande zote mbili. Wengine tunasikia nusu ya mazungumzo, kama mtu anayemsikia jirani akiongea kwa simu.

Hata hivyo nusu hiyo inatosha. Kanuni za kimataifa zinamtaka rubani akipewa agizo la muhimu asijibu "sawa" tu. Ni lazima alirudie. Akiambiwa apande hadi futi 24,000, atajibu kwamba anapanda ngazi mbili-nne-sifuri, kisha atataja jina la ndege yake. Kwa hiyo kinywani mwa rubani mnapatikana pia maneno ya mwongozaji. Lugha ni Kiingereza, lakini kilichokatwakatwa ili kisikosewe: namba husemwa tarakimu moja moja, tano hutamkwa "faifu" na tisa hutamkwa "naina", zisije zikachanganywa. Ndege zilizoandikishwa Tanzania zina alama inayoanza na 5H, za Kenya 5Y, za Uganda 5X.

Kwa nini taabu yote hiyo? Wazee wenzangu wanaukumbuka mwaka 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa nayo. Tarehe 27 Machi mwaka huo, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana ardhini ndani ya ukungu. Walikufa watu 583. Rubani msaidizi wa KLM alikuwa amerudia maelekezo ya njia, akaongeza maneno yenye maana mbili, kwamba sasa wapo katika kuruka. Mwongozaji akajibu "sawa", akanyamaza kidogo, ndipo akaongeza kwamba wasubiri. Wakati huo huo Pan Am nao walikuwa wakisema kwamba bado wapo njiani. Sauti mbili ziligongana, na ndani ya KLM ukasikika ule mluzi niliowaambia. Mluzi ulisema kuna mtu mwingine anazungumza. Hakuna aliyesimama kuuliza ni nani na amesema nini. Baada ya hapo kanuni za maneno zilikazwa, na neno la "kuruka" likawekwa kwa ajili ya ruhusa yenyewe ya kuruka au kuifuta.

Mtu atasema, siku hizi ipo rada. Ni kweli. Habari za rada tunazijua hadi mashuleni: ile iliyonunuliwa kwa BAE Systems kwa pauni milioni 28 ikazua mzozo mkubwa, na mwishowe kampuni ikalipa pauni milioni 29.5 zilizonunua vitabu na madawati ya shule za msingi, ambazo wananchi waliziita "chenji ya rada". Mwaka 2017 ulitiwa sahihi mkataba wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Lakini rada humwonyesha mwongozaji ndege ilipo. Haimwambii kama rubani ameelewa. Kuelewa kunathibitishwa kwa kurudia.

Sasa maonyo, na hasa kwa vijana. Kwanza, ulizeni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania kabla ya kununua chombo, kwa sababu tuna Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Pili, msirekodi na kusambaza mnayoyasikia. Tatu, ya jeshi na ya polisi si yetu. Nne, msijaribu kamwe kurusha sauti kwenye masafa hayo. Mmesikia mluzi wa sekunde chache ulifunika nini.

Ndugu Mwenyekiti, ninalo pendekezo. Chama chetu kichangie skana moja na antena kwa maabara ya fizikia, na mwalimu wa somo aombe kibali kinachotakiwa kabla hatujatoa hata shilingi. Vijana wapime wenyewe: wasikilize mjini, kisha wapande njia ya Bondwa wasikilize tena, walinganishe na hesabu. Anayevutiwa ajue kwamba waongoza ndege wanafundishwa hapa nchini, katika chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kilichopo Dar es Salaam, nako fizikia, hisabati na Kiingereza ni mali.

Na asiyekwenda huko achukue hili moja. Muuguzi anayepokea maagizo ya dawa kwa simu, dereva anayeelekezwa kurudi nyuma, fundi anayeuliza kama umeme umekatwa: wote warudie walichosikia kabla ya kutenda.

 Maswali nitayapokea.